Kusomesha watoto nyumbani ukiwa Marekani: namna ya kuipanga wiki

Mzazi anayeanza kusomesha watoto nyumbani hukimbilia dukani. Atanunua ubao mweupe, vidawati, ramani ya dunia, hata kengele, kisha Jumatatu asubuhi anasimama mbele ya wanawe kama mwalimu wa zamu. Ikifika Alhamisi nyumba nzima imenuna. Shule huendeshwa vile kwa sababu mwalimu mmoja ana darasa zima la watoto, na muda mwingi unaishia kwenye kuita majina, kupanga mistari na kumsubiri wa mwisho amalize. Wewe una wawili au watatu, na unawajua tangu wakiwa tumboni. Kazi ya darasani ya siku nzima inaweza kumalizika mezani kwako kabla ya chakula cha mchana, mradi wiki imepangwa.

Naandika kutoka Houston, Texas, nikiwa na watoto watatu: mkubwa ana miaka 12, wa kati 9, kitindamimba 6. Ukiwa Minneapolis au Columbus, badilisha majina ya mito na madaraja, mengine yanabaki yaleyale. Tuna malengo mawili: watoto wasipungukiwe na elimu ya wenzao walio shuleni, na Kiswahili kisiwatoke. Hilo la pili ndilo linalobadilisha ratiba, na vitabu vya Wamarekani vya elimu ya nyumbani havitakuambia chochote kulihusu.

Sheria kwanza, vitabu baadaye

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima kuhusu jambo hili. Kila jimbo lina yake. Texas ni kati ya majimbo yaliyolegea. Hapa shule ya nyumbani huhesabiwa kama shule binafsi, msimamo uliotoka mahakamani katika kesi ya Leeper mwaka 1987 na kuthibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya jimbo mwaka 1994. Masharti ni kwamba ufundishe kweli, uwe na mtaala unaoonekana (wa vitabu au wa kompyuta), na ndani yake pawe na kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hujisajili popote, na hakuna mtihani wa lazima.

Vuka mipaka ya jimbo uone. New York wanataka barua ya kusudio kila mwaka, mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti nne kwa mwaka, na saa 900 za masomo kuanzia darasa la 1 hadi la 6, au 990 kuanzia la 7. Pennsylvania wanataka hati ya kiapo, faili la kazi za mtoto, mtathmini wa kulipitia faili hilo mwisho wa mwaka, na mtihani sanifu katika darasa la 3, la 5 na la 8. Minnesota, waliko Waafrika Mashariki wengi, taarifa inapelekwa kwa mkuu wa wilaya ya shule kabla ya tarehe 1 Oktoba na mtoto hupimwa kila mwaka. Soma sheria ya jimbo lako kwenye tovuti ya idara ya elimu yenyewe. Ya kuambiwa na shoga yako kanisani au msikitini yaache kwanza, maana huenda alihamia kutoka jimbo jingine. Na ndugu zetu walio Ujerumani, huko mtoto lazima aende shule. Wazazi waliojaribu kukaidi wametozwa faini.

Kama mtoto tayari yuko shuleni, andika barua ya kumwondoa kabla hajaacha kwenda. Iwe fupi: jina lake, darasa, tarehe ya mwisho ya kuhudhuria, na kwamba kuanzia siku hiyo atasomeshwa nyumbani. Baki na nakala. Wazazi wanaoruka hatua hii hupigiwa simu za utoro, na simu ya utoro kwa mgeni ambaye Kiingereza chake bado kinakwaruza ni adha tupu.

Jambo moja la kuuliza kabla hujatia saini: je, mtoto anapata huduma yoyote pale shuleni, kama mtaalamu wa matamshi, msaada wa kujifunza, au darasa la Kiingereza kwa wageni? Ukimtoa, huduma hizo huenda zikakatika. Kwa familia iliyofika juzi kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, na mtoto bado hajakishika Kiingereza, mimi ningemwacha shuleni mwaka mmoja au miwili kwanza.

Tafuta saa zenu

Texas hakuna sheria inayosema masomo yaanze saa mbili asubuhi. Wengi wetu hapa tunafanya kazi za zamu, tunahudumia wazee, tunaendesha malori, tunapanga mizigo ghalani usiku. Mama anayerudi kazini saa moja asubuhi aanze masomo saa nane mchana, baada ya kulala. Ila saa iwe ileile kila siku. Watoto huzoea saa upesi kuliko wanavyozoea amri.

Makadirio yangu ni haya: mtoto wa miaka 6, saa moja na nusu kwa siku; wa miaka 9, saa mbili na nusu; wa miaka 12, saa tatu mpaka nne, na nusu ya hizo afanye peke yake. Masomo yawe mafupi. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alishikilia sana kwamba mtoto mdogo apewe vipindi vifupi na adaiwe umakini kamili ndani yake, na sijaona sababu ya kumpinga. Dakika kumi na tano za hesabu ambazo mtoto yuko macho ni bora kuliko saa nzima anayochora pembeni mwa daftari.

Kwa walio kwenye majimbo yanayohesabu saa, msitishike na hizo 900. Ukizigawa kwa siku 180 unapata saa tano kwa siku, na ndani yake mnaingia kusoma vitabu, mazoezi ya viungo, ziara ya makumbusho na kazi za mikono, almuradi umeandika.

Vigingi vitatu vya kila siku

Kila siku ya masomo ina mambo matatu yasiyohamishwa: hesabu, kusoma, na kusimulia. Yakikosekana mengine yote, haya yafanyike. Baada yake siku hubeba somo moja kubwa tu. Kosa la ratiba nyingi ninazoletewa na akina mama nizitazame ni kujaza masomo saba kwa siku moja. Ikifika wiki ya tatu yamebaki mawili, na mama anajiona ameshindwa.

Kuwahudumia watoto watatu wa umri tofauti kunahitaji mzunguko. Kwetu saa tatu asubuhi mkubwa anafungua hesabu yake peke yake, wa kati ananakili sentensi sita kwa mwandiko mzuri, na mimi nakaa na mdogo. Baada ya dakika ishirini mdogo anapewa udongo wa kufinyanga au kreyoni, nami nahamia kwa wa kati. Dakika ishirini nyingine, nakwenda kwa mkubwa, ambaye kufikia hapo amezungushia duara maswali yaliyomshinda. Simfundishi yale aliyoyaweza. Saa nne kasoro wote wanasimama, wanakunywa maji na kutoka nje kidogo.

Katika hesabu chagua mfululizo mmoja wa vitabu na ukae nao mwaka mzima. Kuruka kutoka kitabu hadi kitabu huacha mashimo, hasa kwenye sehemu na desimali, na mashimo hayo utayaona mtoto akifika aljebra. Tebo za kuzidisha zikaririwe, tena kwa sauti, kama tulivyokariri sisi. Nasikia wengi wakisema kukariri kumepitwa na wakati. Muulize mtoto anayegawanya 756 kwa 9 huku akihesabu vidole.

Kusoma kuna pande mbili, mtoto anasoma mwenyewe, kisha unamsomea. Usiache kumsomea eti kwa sababu sasa anajua; mkubwa wangu bado anasogeza kiti nikiwasomea wadogo.

Kusimulia ndiko kunakookoa pesa za vitabu vya mazoezi. Mtoto akimaliza kusoma au kusomewa, anafunga kitabu na kueleza alichokipata, kwa maneno yake, bila kuulizwa maswali. Sisi tunasimulia kwa Kiswahili hata kama kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Hapo mtoto hawezi kurudia sentensi za kitabu kama kasuku. Lazima aielewe habari ndipo aweze kuivusha.

Kiswahili kina kazi yake

Kuongea Kiswahili nyumbani ni msingi, lakini hakutoshi. Mtoto anayesikia tu "njoo ule", "vaa viatu" na "zima taa" atakuwa na Kiswahili cha kuamrishwa. Anaelewa kila kitu na anajibu kwa Kiingereza. Inabidi apate sababu ya kueleza, kubishana na kuuliza kwa lugha hiyo, na hapo ndipo ratiba inapoingia.

Kusoma kwa Kiswahili kuanze mapema. Herufi zetu hazibadiliki sauti: *a* ni *a* popote ilipo. Mtoto wa miaka mitano au sita akianza na *ba be bi bo bu*, baada ya muda si mrefu anasoma maneno mazima, na ule ushindi unampa moyo wa kukabili Kiingereza chenye tahajia za vituko. Anza na silabi za konsonanti moja, kisha *ch, sh, ny*, halafu *dh, th, gh*, na mwisho *ng'* na *ng*, kwa kumpa *ng'ombe* na *ngoma* waziwazi mbele yake. Watoto waliozaliwa hapa husumbuliwa na *m* na *n* zinazosimama peke yake: watakwambia "umtoto" au "matoto". Fanyeni zoezi la kufumba midomo kwanza, "mmm", ndipo *toto* ifuate. Dakika tano kwa siku, kwa *mtu, mbwa, mke, nchi, nne*.

Ngeli usizifundishe kwa jedwali. Kila mtoto wa ughaibuni husema "kitabu yangu, viatu yangu, gari yangu", kila kitu *yangu*. Tunacheza mezani. Mmoja anataja kitu kilichopo na kukiharibu, mwenzake anarudia kwa wingi: "Kijiko kimepotea", "Vijiko vimepotea", "Yai limevunjika", "Mayai yamevunjika". Anayekosea anaondoa vyombo. Siku za mwanzo niliondoa vyombo mimi kwa kuwa waligundua *ufunguo* na *funguo* kabla yangu.

Kama Kiswahili cha kwenu ni cha Bukavu au Lubumbashi, usimwambie mtoto kwamba bibi yake anakosea. Mwache aongee cha nyumbani, na kwenye daftari aandike sanifu. Watoto hutofautisha vizuri mno.

Kwa vitabu, kuna hazina ya bure mtandaoni. African Storybook wana hadithi fupi nyingi za watoto kwa Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa. Chapa kwa printa, kunja, bana kwa stepla, mtoto ana kitabu chake. Taasisi ya Elimu Tanzania wameweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yao ya mtandao, na vile vya darasa la kwanza na la pili vinafaa sana kwa ufahamu na imla. Kwa siku ambazo mama ana homa, katuni za shirika la Ubongo la Dar es Salaam zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili fasaha.

Jumatatu: ramani na historia

Baada ya vigingi vitatu, Jumatatu tunatandika ramani sakafuni. Baba yao ni dereva wa lori, kwa hiyo jiografia ya Marekani tunaifuata barabarani. Barabara kuu ya I-10 inaanzia Jacksonville, Florida, na kuishia Santa Monica, California, ikipita majimbo manane. Baba akiwa njiani kutoka Houston kwenda El Paso, watoto wanapima umbali kwa uzi na kipimio cha ramani: wanapata kilomita 1,200 hivi, na hawajatoka Texas. Kisha wanapima Dar es Salaam hadi Mwanza na kukuta karibu zinalingana. Mkubwa anapiga hesabu ya muda kwa mwendo wa maili 60 kwa saa na kubishana na baba yake kwenye simu kuhusu foleni ya San Antonio.

Historia tunaiweka ukutani kwa karatasi ndefu. Sentimita moja ni miaka miwili, kuanzia 1300 mpaka leo, kwa hiyo inakwenda zaidi ya mita tatu na nusu. Juu ya mstari tunaandika ya kwetu, chini ya huku. Mwaka 1331 Ibn Battuta anafika Kilwa. Mwaka 1498 Vasco da Gama anafika Mombasa na Malindi. Mwaka 1593 Wareno wanaanza kujenga Ngome ya Yesu. Kisha chini ya mstari, 1836, vita vya San Jacinto vilivyoitoa Texas mikononi mwa Mexico, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka kwetu, na juu yake miaka ileile Sayyid Said akielekea kuhamishia makao yake Unguja. Vita vya Majimaji 1905 hadi 1907. Uhuru wa Tanganyika 9 Desemba 1961, wa Kenya 12 Desemba 1963, Muungano 26 Aprili 1964. Kila mtoto anaongeza tarehe zake: babu kuzaliwa, mama kupanda ndege. Ukuta huo umetufundishia zaidi ya kitabu chochote cha historia tulichonunua.

Kuanzia Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga huku Ghuba ya Mexico. Kimbunga kikitajwa kwenye taarifa ya hali ya hewa, watoto huchora njia yake kila siku kwa latitudo na longitudo. Swali huja lenyewe: mbona kwa Bibi kule Tanga havifiki mara kwa mara? Hapo unawaeleza kwamba vimbunga hupata mzunguko wake kutokana na dunia kujizungusha, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni dhaifu mno. Ukitoka hapo ingia kwenye kaskazi na kusi, pepo zilizoleta na kurudisha majahazi. Wiki mbili zinaisha hujafungua kitabu cha jiografia.

Jumanne: sayansi

Sayansi ya watoto wa umri huu iwe ya kutazama na kuandika. Tuna daftari la jua. Mara moja kwa wiki tunaandika saa ya kuchomoza na kuzama Houston, na Bibi anatutumia ya Tanga. Desemba mchana wa Houston ni saa kumi na robo hivi. Juni unafika saa kumi na nne. Tanga tofauti ya mwaka mzima haifiki hata saa moja. Wa kati amechora grafu ya mistari miwili, mmoja umejipinda kama kilima na mwingine umelala. Mhimili wa dunia ulioinama ameuelewa kutoka kwenye grafu ile, kwa tochi na chungwa.

Jumanne jioni, mara moja moja, tunakwenda daraja la Waugh Drive juu ya Buffalo Bayou kutazama popo. Wanakaa kwenye nyufa za zege, kundi lililowahi kukadiriwa kufika 250,000, na giza likianza kuingia wanatoka kama moshi. Mwewe huwasubiri. Mafuriko ya kimbunga Harvey mwaka 2017 yaliua wengi wao. Nendeni nusu saa kabla ya machweo, chukueni kofia na daftari, na mtoto aandike saa popo wa kwanza alipotoka. Aandike pia harufu, ambayo hataisahau. Ukirudi wiki tatu baadaye ukalinganisha saa, umeshafundisha kukusanya data.

Jumatano: maktaba

Jumatano ni nyepesi. Vigingi vitatu, kisha maktaba. Kadi ni bure kwa mkazi, vitabu unachukua kwa rundo. Kila mtoto achague viwili vya kujifurahisha na kimoja nilichomchagulia mimi. Vitabu vya Kiswahili ni vichache. Muulize mkutubi kuhusu kuazima kutoka maktaba nyingine, ni huduma ambayo watu wetu hawaitumii.

Alhamisi: kuandika

Insha huwatisha watoto kwa sababu tunawataka wafikiri, wapange na waandike kwa mara moja. Tenganisha. Kwanza mtoto anasimulia jambo kwa mdomo huku simu ikirekodi, dakika mbili zinatosha. Halafu anajisikiliza na kuandika alichosema, akisimamisha na kurudisha. Siku hiyo usisahihishe. Wiki inayofuata mnaisoma pamoja na kutafuta aina moja tu ya kosa: leo herufi kubwa na nukta, wiki nyingine upatanisho wa ngeli, nyingine *l* na *r*. Ukisahihisha yote kwa wino mwekundu, insha ijayo itakuwa na mistari minne. Mdogo bado haandiki insha. Ananisimulia, mimi naandika, yeye anachora.

Wiki moja wanaandika kwa Kiswahili, inayofuata kwa Kiingereza.

Ijumaa: wenzao

Swali la kwanza la kila shangazi ni: watazoeana na nani? Jibu ni kikundi. Tuko familia nne, tunakutana Ijumaa asubuhi kwa zamu kwenye nyumba au bustani. Kila mzazi anafundisha anachokijua: mmoja ushonaji, mmoja mpira, mmoja ni fundi umeme na anawaonyesha sakiti kwa betri na balbu ndogo. Kubalianeni mapema mambo matatu yenye kuvunja vikundi: saa ya kumaliza, nani analeta chakula, na mtoto mwenye mafua abaki kwao. Tunamaliza saa sita ili wanaoswali Ijumaa wawahi.

Jumamosi: Bibi na jikoni

Houston imo nyuma ya Tanga kwa saa tisa wakati wa baridi, na saa nane Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele. Tukipiga simu saa mbili asubuhi, kule ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi. Kumkadiria Bibi ni saa ngapi ni kazi ya mdogo.

Kwa ajili hiyo tulitengeneza saa ya karatasi yenye duara mbili, nje namba za Kiingereza, ndani za Kiswahili. Mtoto hugundua mwenyewe kwamba saa ya Kiswahili iko daima upande wa pili wa mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye 8, mkabala wake ni 2, saa mbili. Ukimwambia "toa sita" atasahau, akiiona hasahau.

Simu yenyewe ina mpango. Shikamoo kwanza, kila mtoto na yake. Kisha kila mmoja ana dakika tano za kumsimulia Bibi kitu kimoja alichojifunza wiki hiyo, kwa Kiswahili. Nilimwomba Bibi asiwacheke wala kuwakatiza. Anachofanya ni kurudisha neno likiwa limenyooka: mtoto akisema "Bibi, kitabu yangu imeisha", yeye anauliza, "Kitabu chako kimeisha? Kilikuwa kinahusu nini?" Mwishoni anatega kitendawili kimoja. "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa wanampa mji, na Bibi huchagua miji mikubwa.

Baada ya simu, jikoni, na hapo ndipo hesabu za sehemu, nusu na robo, zinapokaa sawa. Chukua kopo lolote, liite kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Mwage mchele kwenye beseni na umwambie wa miaka 9 akupimie kisaga kimoja na kibaba kimoja. Ameshika nini? Nusu ya pishi na robo ya pishi. Je, ni sehemu gani ya pishi? Atamwaga, atahesabu vibaba vitatu, atasema robo tatu. Sasa mpe karatasi aandike 1/2 + 1/4 = 3/4. Ataona kwa nini nusu ilibidi igeuzwe kuwa robo mbili kwanza, maana mikono yake imeshafanya hivyo. Mkubwa yeye apewe pilau ya watu 6 aipandishe iwe ya watu 15, viungo vyote. Mkiila ndipo mtajua kama karafuu aliipandisha sawasawa.

Jumapili jioni: nusu saa ya mama

Kaunta buku moja, kurasa mbili kwa wiki. Upande wa kushoto naandika mpango: kurasa za hesabu za kila mtoto, kitabu cha kusomewa, somo kubwa la kila siku, vitu vya kununua. Upande wa kulia unabaki mtupu, na kila jioni naandika mistari mitatu ya kilichofanyika kweli. Pande hizo mbili hazifanani kamwe, wala hazitakiwi kufanana. Kwenye faili la kila mtoto tunaingiza kazi mbili kwa wiki, zikiwa na tarehe: moja ya hesabu, moja ya maandishi. Michoro na vitu vya udongo tunavipiga picha. Hata Texas, ambako hakuna anayekuja kukagua, fanya hivi.

Wiki ikivurugika

Itavurugika. Mtoto ataugua, zamu itabadilika, umeme utakatika kwa kimbunga. Kwa wiki kama hizo rudi kwenye vigingi vitatu peke yake, na kama navyo vinashindikana, kusoma tu. Ramadhani tunahamishia masomo baada ya alfajiri, saa mbili tu, na tunafuta somo kubwa. Joto la Houston kuanzia Mei hadi Septemba halina huruma, kwa hiyo ya nje yafanyike kabla ya saa nne asubuhi. Sisi tunasoma hata Julai, kidogokidogo, ili tupumzike Novemba na Desemba wageni wanapokuja.

Mara moja kwa mwaka, hata kama jimbo halidai, wape watoto wakubwa mtihani sanifu. Kuna inayouzwa kwa wazazi na kufanyika nyumbani. Usimtangazie mtoto alama zake kwa jirani. Zitumie kuona alikopwaya, urudi hapo miezi miwili. Na siku mtakapoamua kumrudisha shuleni, nenda na faili, kaunta buku na orodha ya vitabu alivyomaliza, kisha omba apimwe kabla ya kupangiwa darasa. Shule ikiona mtoto anaongea lugha mbili na kumbukumbu zake si za Kimarekani, ni rahisi kumshusha darasa moja kwa tahadhari tu. Ukiwa na kazi zake za tarehe mbalimbali mezani, una cha kujibu.